Presha, chumvi na vidonge: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwenye benchi la kliniki ya presha watu huulizana mambo ambayo wakishaingia kwa daktari hawayatamki. Nimekaa kwenye benchi hilo miaka mingi nikimsindikiza mama yangu. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo niliyoyasikia zaidi, pamoja na machache ambayo sisi wenyewe tulichelewa kuyauliza. Kubadilisha dawa au dozi ni kazi ya daktari anayekujua. Majibu haya ni ya kukusaidia kuongea naye ukiwa unaelewa.

Sina dalili yoyote. Kwa nini nimeze dawa kila siku?

Kwa sababu presha ya kupanda haiumi. Wengi huitafuta kwenye kichwa kuuma, kisogo kuwa kizito au moyo kwenda mbio, na wakikosa hayo hujiona wazima. Mtu anaweza kutembea na 170/105 miaka kadhaa, akafanya kazi zake na kulala vizuri, huku mishipa yake ikikakamaa, misuli ya moyo ikinenepa kwa kusukuma kwa nguvu, figo zikichakaa na mishipa midogo ya macho ikiharibika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wazima zaidi ya bilioni 1.2 wana presha ya kupanda, na karibu nusu yao hawajui.

Kidonge cha leo hukimezi kwa ajili ya maumivu ya leo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 kwenye jarida la Lancet ulionyesha kwamba namba ya juu (ile ya kwanza, kama 170 kwenye 170/105) ikishuka kwa 10, hatari ya kiharusi hupungua kwa zaidi ya robo, ya moyo kushindwa kufanya kazi kwa kiasi kama hicho, na ya kifo kwa asilimia 13. Faida hiyo huioni kwa macho, maana ni kiharusi ambacho hakikutokea.

Chumvi inapandishaje presha?

Chumvi ya kawaida ni sodiamu na kloridi, na inayotusumbua ni sodiamu. Sodiamu huvuta maji. Ukila nyingi, mwili hushikilia maji ili kuizimua, na damu inaongezeka ujazo ndani ya mishipa ileile. Figo ndizo zenye kazi ya kuitoa, lakini kwa mwenye presha kazi hiyo mara nyingi huenda polepole. Zaidi ya hapo, chumvi nyingi kwa miaka huifanya mishipa yenyewe kuwa migumu. Si wote wanaoathirika sawa. Kwa wastani wanaopanda zaidi ni wazee, watu wenye asili ya Afrika, wenye kisukari na wenye matatizo ya figo.

Kuna kisa cha zamani ambacho napenda kuwasimulia wasioamini. Miaka ya 1940, wakati vidonge vya maana vya presha havijapatikana, daktari Walter Kempner wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliwalisha wagonjwa wenye presha kali wali, matunda na sukari, karibu bila chumvi kabisa. Chakula hicho kilichosha na wengi walikishindwa. Lakini kwa walioweza kuvumilia, presha zilishuka, na mioyo iliyokuwa imetanuka ikaonekana imepungua kwenye picha za eksirei. Miaka ya 1950 ikielekea ukingoni vilifika vidonge vya kukojoza. Na vidonge hivyo hufanya nini? Huilazimisha figo kuitoa sodiamu kwenye mkojo. Yaani mojawapo ya dawa za kwanza nzuri za presha ilikuwa, kwa kweli, dawa ya kutoa chumvi.

Nameza dawa kila siku. Bado kuna haja ya kupunguza chumvi?

Ipo, na hili ndilo ningependa kila mwenye presha alielewe kuliko jingine lolote.

Tuanze na dawa ya kukojoza, kama haidroklorothiazaidi au indapamidi. Inafungua njia kwenye figo ili sodiamu itoke. Ukiendelea kula chumvi nyingi, unairudisha mdomoni ileile iliyotolewa. Ni kuchota maji kwenye mtumbwi unaovuja bila kuziba tundu. Utachota mchana kutwa na mtumbwi utaendelea kuzama.

Halafu kuna kundi la enalaprili, lisinoprili na losatani. Dawa hizi zinazuia mfumo wa homoni unaobana mishipa na kuziagiza figo zishike chumvi. Mwili ukiwa umejaa chumvi, mfumo huo tayari umetulia wenyewe, kwa hiyo dawa inakuta kidogo cha kuzuia. Ukipunguza chumvi, dawa ileile, kwa dozi ileile, inaonekana kama imeongezewa nguvu. Amlodipini, dawa inayolegeza mishipa, haitegemei sana chumvi kama hizo nyingine, lakini nayo haiwezi kubeba mzigo wote peke yake.

Mwaka 2009 watafiti wa Alabama, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 12 ambao presha zao zilikuwa zimegoma kushuka ingawa kila mmoja alimeza dawa tatu au zaidi. Waliwapa chakula chenye chumvi kidogo kwa wiki moja na chenye chumvi nyingi kwa wiki nyingine, bila kubadilisha dawa. Namba ya juu ilitofautiana kwa takriban 23 kati ya wiki hizo mbili. Wagonjwa 12 ni wachache, sikatai. Lakini mwaka 2023 utafiti mwingine wa Marekani wenye watu zaidi ya 200, wenye dawa na wasio na dawa, ulikuta wiki moja tu ya chumvi kidogo ikishusha namba ya juu kwa takriban 6 ikilinganishwa na chakula chao cha kawaida. Sita ni karibu kazi ya kidonge kimoja cha dozi ya kuanzia.

Kinachoniumiza ni mgonjwa anayeongezewa dawa ya pili, kisha ya tatu, wakati tatizo limekaa kwenye sufuria.

Basi nikiacha chumvi, naweza kuachana na vidonge?

Mwenye presha iliyopanda kidogo, tuseme 142/90, ambaye hana ugonjwa mwingine, anaweza kukubaliana na daktari wake wajaribu chakula, mazoezi na kupunguza uzito kwanza. Kwa wengine, hesabu haikubali. Ukiwa na 168 na chumvi ikakushushia 6, umebaki na 162.

Biashara hii ya kubadilishana naisikia pande zote mbili. Huyu anasema, "Nameza dawa, acha nile ninachotaka." Yule anasema, "Nimeacha chumvi, dawa za nini tena?" Wote wawili wanaachia mkono mmoja wa mzigo unaobebwa kwa mikono miwili.

Kiasi gani cha chumvi kinatosha kwa siku?

Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa mtu mzima, yaani kijiko cha chai kisichojaa. Wastani wa dunia unakaribia gramu 11, zaidi ya mara mbili. Gramu 5 hizo ni za kila kitu: chumvi uliyopikia, uliyonyunyiza, na iliyokuja imefichwa kwenye vyakula vya kununua.

Jaribu hili. Chota chumvi kwa kijiko cha chai, isawazishe kwa kisu, kisha imwage kwenye karatasi nyeupe. Kilima hicho kidogo ni gramu 5 hadi 6. Wengi wakikitazama husema ni cha mlo mmoja.

Kipimo kingine kizuri ni pakiti. Andika kwa kalamu juu ya pakiti ya chumvi tarehe uliyoifungua. Nyumba ya watu wazima watano, kila mmoja kwa gramu 5, inatumia gramu 25 kwa siku, kwa hiyo kilo moja inapaswa kukaa siku 40. Ikiisha siku ya 22, hamna haja ya kubishana jikoni nani anatia nyingi. Na hapo hatujahesabu mkate.

Mimi siongezi chumvi mezani. Inatoka wapi?

Inakuja ndani ya vitu ambavyo ulimi hauvihesabu kuwa vya chumvi. Mkate ni mfano mkubwa: vipande viwili vinaweza kubeba karibu gramu moja, na hakuna anayeuma mkate akasema una chumvi. Kisha kuna soseji, nyama na samaki wa kopo, jibini, krispi, supu za pakiti, vile vidonge vya mraba vya kukoleza mchuzi, na tambi za haraka, ambazo pakiti moja na kikaratasi chake cha viungo inaweza kumaliza nusu ya kiasi cha siku au zaidi. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya kina zaidi ya gramu 2 za chumvi. Bikaboneti ya kuumulia keki nayo ni sodiamu, ingawa haina ladha ya chumvi.

Ukisoma lebo, angalia imeandikwa chumvi au sodiamu. Ikiwa ni sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Miligramu 600 za sodiamu ni gramu 1.5 za chumvi. Kwa kila gramu 100 za chakula, chumvi ya gramu 0.3 au pungufu ni kidogo, ikizidi 1.5 ni nyingi, rudisha kopo kwenye rafu.

Chumvi ya bahari, ya mawe au ya rangi ya waridi ni salama zaidi?

Hapana. Zote karibu ni sodiamu kloridi tupu. Nunua yenye madini joto, uile kidogo.

Na zile chumvi zenye potasiamu?

Hizi ni habari nyingine, na zinastahili kuzungumzwa kwa uangalifu. Nchini China, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulifuatilia karibu watu 21,000 katika vijiji 600 kwa takriban miaka mitano. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 kwa waliotumia chumvi hiyo. Ni matokeo makubwa kwa badiliko dogo namna hiyo.

Hatari yake ni kwa watu ambao miili yao haitoi potasiamu vizuri, kwani ikizidi kwenye damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi kuusimamisha. Wenye ugonjwa wa figo wamo humo. Wanaomeza spironolaktoni wamo. Wanaomeza enalaprili, lisinoprili au losatani nao wasianze kabla ya kumuuliza daktari, kwa sababu dawa hizo zenyewe huongeza potasiamu kidogo. Kipimo cha damu cha figo na potasiamu kitakupa jibu.

Chakula kisicho na chumvi hakiliki. Nifanyeje?

Usiache ghafla. Ulimi hujifunza upya, lakini huhitaji wiki kadhaa, hata miezi miwili. Punguza robo ya kiasi unachotia, kaa nacho wiki mbili, kisha punguza tena. Ukifika mwezi wa tatu utaonja chakula cha zamani na kukiona kimezidi chumvi. Najua unaposoma sasa hivi huamini. Na mimi sikuamini.

Chumvi uliyobaki nayo itie mwishoni, chakula kikiwa karibu kuiva. Iliyo juu juu ya chakula ulimi huikuta mapema, hivyo kidogo kinatosha. Ndimu na siki hufanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu uchachu huamsha ladha kwa namna inayofanana na chumvi. Kitunguu kilichokaangwa hadi kikabadilika rangi, tangawizi, pilipili, bizari na nyanya mbivu vinajaza pengo lililobaki. Mchanganyiko wa viungo wa dukani usome kwanza. Mara nyingi kiungo cha kwanza kilichoandikwa ni chumvi.

Kisha kuna suala la sufuria mbili. Nyumba nyingi humpikia mgonjwa peke yake. Mpishi huchoka ndani ya wiki, mgonjwa hujiona ametengwa, na jioni moja anachota kutoka sufuria ya wenzake. Pikeni sufuria moja yenye chumvi kidogo, anayetaka zaidi ajiongezee kwenye sahani yake. Nyumbani kwetu tatizo lilikuwa mkono. Mama alikuwa ananyunyiza chumvi kabla hajaonja, mkono unakwenda wenyewe huku anaongea. Tulikihamisha kikopo cha chumvi kutoka mezani hadi rafu ya juu jikoni, bila hotuba. Ili aipate ilibidi ainuke. Siku za kwanza aliinuka. Baadaye akawa anaonja kwanza ili ajue kama inafaa kuinuka.

Presha yangu sasa ni 124/78. Si nimepona?

Umefanikiwa, na mafanikio hayo yameshikiliwa na dawa. Ukiiacha, presha hurudi ilikokuwa. Haitakuambia inaporudi.

Kuna mtego hapa ambao umewanasa wengi. Baadhi ya dawa hukaa mwilini muda mrefu. Amlodipini, kwa mfano, huchukua zaidi ya siku moja kupungua nusu tu kwenye damu. Mtu anaacha leo, anapima kesho, anakuta 126. Anapima keshokutwa, bado nzuri. Anasema, "Kumbe sikuwa naihitaji." Wiki mbili baadaye ameshaacha kupima, na presha ndiyo kwanza imefika juu. Dawa nyingine hukasirika zaidi zikikatishwa ghafla: atenololi, bisoprololi na hasa klonidini. Hizo zikiachwa kwa mkupuo, presha na mapigo ya moyo vinaweza kuruka juu kuliko mwanzo. Zikitakiwa kuachwa, daktari huzishusha taratibu.

Dozi hupunguzwa wakati mwingine, hasa mtu akipungua uzito sana au akianza kupata kizunguzungu. Peleka namba zako kliniki, muamue pamoja.

Dawa inanisumbua. Nivumilie tu?

Usivumilie kimya, wala usiache kimya. Kikohozi kikavu kinachokera koo usiku huwapata baadhi ya wanaomeza enalaprili au lisinoprili. Wakibadilishiwa losatani kwa kawaida huisha. Kuvimba vifundo vya miguu ni jambo la kawaida kwa amlodipini, hasa dozi kubwa, na kuna njia za kulipunguza. Dawa ya kukojoza ikikuamsha usiku, uliza kama unaweza kuimeza asubuhi. Ukisimama ukaona giza, keti, na liandike ulitaje kliniki.

Nguvu za kiume nazo zitajwe. Presha yenyewe huziharibu kwa kubana mishipa, na baadhi ya dawa huongeza tatizo. Wanaume wengi huacha dawa kwa sababu hii na kutoa sababu nyingine. Mwambie daktari neno moja tu: "Nina tatizo la faragha tangu nianze dawa hii." Amelisikia mara nyingi.

Midomo, ulimi au uso ukivimba baada ya kuanza enalaprili, lisinoprili au dawa ya aina hiyo, nenda hospitali saa hiyohiyo na usiimeze tena.

Nimesahau dozi. Nimeze mbili?

Usimeze mbili. Ukikumbuka siku hiyohiyo, meza. Ikiwa saa ya dozi inayofuata imekaribia, ruka iliyopita uendelee kama kawaida.

Asubuhi au usiku?

Utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2022, wenye watu zaidi ya 21,000, haukukuta tofauti ya mshtuko wa moyo, kiharusi wala vifo kati ya waliomeza asubuhi na waliomeza jioni. Saa nzuri ni ile ambayo husahau mara chache zaidi.

Nifanyeje nisisahau?

Ifungie dawa kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kufikiri. Kupiga mswaki ndilo ninalolipenda. Kasha lenye vyumba saba vya siku za wiki linasaidia kwa sababu linajibu swali linalotesa kuliko kusahau kwenyewe: "Hivi nimemeza au sijameza?" Chumba kikiwa kitupu umemeza. Ukiwa na dawa mbili au tatu, uliza kama zipo kwenye kidonge kimoja. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limeviweka vidonge vya mchanganyiko wa namna hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na watu huvimeza kwa uthabiti zaidi. Na usingoje kidonge cha mwisho ndipo utafute vingine. Zikibaki za wiki moja, toka ukachukue.

Nimekuwa nikiruka dawa. Nimwambie daktari?

Mwambie, hata kama itakuaibisha kwa dakika mbili.

Mama alikuwa na tabia niliyokuja kugundua kwa bahati. Nilikuwa natafuta miwani kwenye droo yake nikakuta karatasi mbili za vidonge hazijaguswa, na ya tatu imetobolewa vinne tu. Mwezi ulikuwa umekwisha. Alikuwa anaanza kumeza siku mbili kabla ya kliniki ili mambo yaonekane mazuri. Hayakuonekana mazuri, presha ilikuwa 160 na kitu, na kila tulipokwenda daktari aliamini dawa zimeshindwa. Alikuwa anajiandaa kuongeza ya tatu. Fikiria kama siku moja Mama angeamua kuzimeza zote kwa uaminifu: presha ingeanguka hadi adondoke.

Nilipomuuliza hakuwa mkali. Alisema dawa ya kukojoza ilikuwa inamdhalilisha safarini. Siku akiwa na mahali pa kwenda haimezi, na akishairuka hiyo anaona bora aziruke zote. Hakuwahi kumwambia daktari kwa sababu daktari hakuwahi kuuliza kwa namna inayojibika, aliulizwa, "Unameza dawa vizuri?" na mtu mwenye heshima zake hujibu, "Ndiyo." Tulikwenda na zile karatasi mkononi tukaziweka mezani. Daktari hakufoka. Alimwambia siku za safari ameze akirudi, mchana, na zile nyingine asibadilishe ratiba yake. Dawa ya tatu haikuandikwa.

Kuhusu chumvi nako sema ukweli uleule. Daktari akijua presha imepanda kwa sababu ya wiki mbili za sherehe na vyakula vya kopo, hataharakisha kuongeza dozi.

Kuna dawa nyingine zinazopandisha presha?

Zipo, na moja iko kwenye mikoba mingi. Diklofenaki na ibuprofeni, za maumivu ya viungo na mgongo, hushikilia chumvi na maji na hupunguza nguvu ya dawa kadhaa za presha. Zikikutana na dawa ya kukojoza pamoja na losatani au enalaprili, zinaweza kuumiza figo. Parasetamoli ya kawaida kwa siku chache huwa chaguo bora. Lakini si ile inayochemka kwenye maji: kidonge kimoja cha aina hiyo kinaweza kuwa na miligramu 400 hivi za sodiamu, yaani gramu moja ya chumvi, na ukimeza vinane kwa siku umeshapita kiasi cha siku nzima kabla hujala. Baadhi ya dawa za mafua za kuzibua pua nazo hupandisha presha. Kila unaponunua dawa, anza kwa kusema, "Mimi nina presha."

Kitunguu saumu je, na dawa za mitishamba?

Kitunguu saumu ni kiungo kizuri cha kufidia chumvi. Kitumie kwenye chakula. Lakini hakichukui nafasi ya kidonge. Mitishamba usiyojua kilichomo inaweza kugongana na dawa au kuchosha figo, kwa hiyo itaje kliniki.

Nimeharisha na kutapika. Niendelee na dawa?

Piga simu au nenda kituo cha afya uulize siku hiyohiyo. Mwili uliopoteza maji ukiongezewa dawa ya kukojoza, losatani au enalaprili unaweza kushusha presha mno na kuziumiza figo, na mara nyingi husimamishwa kwa muda mfupi. Hii ni mojawapo ya nyakati chache ambapo kusimamisha ni sahihi, na inahitaji mtu wa kukuambia lini urudie.

Nina presha na nataka kupata mtoto.

Sema mapema, kabla ya mimba ikiwezekana. Enalaprili, lisinoprili na losatani humdhuru mtoto tumboni. Metildopa, labetaloli na nifedipini ndizo hutumika zaidi kwa wajawazito. Usiache mwenyewe ukabaki bila kitu, maana presha isiyotibiwa kwenye ujauzito nayo ni hatari kwa wote wawili.

Napimaje nyumbani nipate namba ya kweli?

Kojoa kwanza. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu bila kukunjwa nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya shati. Usiongee. Pima mara mbili kwa kuacha dakika moja katikati, andika zote. Nyumbani, 135/85 au zaidi ndiyo huhesabiwa kupanda. Kliniki ni 140/90, kwa kuwa wengi hupanda kidogo wakimwona daktari. Namba moja mbaya isikutie hofu wala moja nzuri isikulegeze. Tazama wiki nzima.

Ikifika 180/120 au zaidi, pumzika upime tena. Ikiwa pamoja nayo kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, uso kwenda upande, mkono au mguu kuishiwa nguvu, maneno kutotoka sawa, macho kuona vibaya ghafla au kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura. Usimeze dozi za ziada, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali.

Mzazi wangu hataki kusikia habari za chumvi wala dawa. Nimsaidieje?

Acha kuhesabu makosa yake mbele ya watu. Mtu mzima aliyelea watoto hapendi kusimamiwa kwa kijiko. Muulize ni kipi kinachomkera zaidi kwenye dawa, kisha nyamaza asikie unasikiliza. Kwa Mama ilikuwa mkojo. Kwa jirani yetu ilikuwa hofu kwamba dawa zitamzoea zisimwache, jambo ambalo lilihitaji mfamasia kumfafanulia kwamba presha ndiyo inayoendelea, dawa hazilevyi.

Tulimnunulia Mama daftari dogo. Lina safu mbili, presha na alama ya vema akishameza dawa, na anajaza mwenyewe. Nilitaka kuongeza safu ya tatu ya chumvi, akakataa, akasema hatafanywa mtoto. Nikaiacha. Miezi kadhaa baadaye, nikiwa nafungua kurasa kabla ya kliniki, nilikuta siku moja yenye 158 katikati ya mfululizo wa 130. Pembeni, kwa mwandiko wake, ameandika neno moja: "soseji".